Kilomita ya 15 ulikuwa bado mbele ya saa mbili

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 38, ni mhasibu na mama wa watoto wawili, naishi Mbezi Beach. Nimeshakimbia kilomita 21 mara tatu. Mwishoni mwa mwaka jana hapa Dar nilipata saa 2:04:12, ndio muda wangu bora. Moshi mwaka huu nikapata 2:06:40. Kilomita 10 nimewahi kuzimaliza kwa 53:20. Nataka kushuka chini ya saa mbili na ninakwama palepale: kuanzia kilomita ya 15 miguu inazima. Nakimbia siku nne kwa wiki, jumla kilomita 28 hadi 30, na sifanyi mchezo, karibu kila siku narudi nyumbani nikiwa hoi. Jumamosi nipo na klabu. Je, niongeze mazoezi ya kasi? Ninunue vile viatu vya kaboni? Au umri ndio umeshanitupa mkono? Lengo langu ni Kilimanjaro Marathon mwakani. Muda wangu wa Dar ulikuwa hivi: kilomita ya 5, 27:05, ya 10, 54:50, ya 15, 1:25:00.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mengi, lakini jibu umelileta mwenyewe kwenye mstari wa mwisho, ule wa namba, ambao nahisi uliuongeza tu ili barua isiwe fupi. Ngoja tuusome pamoja.

Kilomita 21, ambazo kwa vipimo halisi ni 21.0975, ukitaka kuzimaliza ndani ya saa mbili unahitaji dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Ukishika kasi hiyo bila kuibadilisha, kilomita ya 5 utaipita kwa 28:25, ya 10 kwa 56:50, ya 15 kwa 1:25:15, na utafika kwa 1:59:54. Sasa tazama zako. Kilomita ya 15 uliipita kwa 1:25:00. Kwa hiyo zilipobaki kilomita sita na ushee, ulikuwa sekunde 15 mbele ya mtu anayemaliza chini ya saa mbili. Ulibakiwa na dakika 35 kasoro sekunde moja za kumalizia. Ukatumia dakika 39 na sekunde 12.

Wewe unaamini tatizo lilianza kilomita ya 15. Mimi nakwambia lilianza kabla hujafika hata kilomita ya pili. Tano za kwanza ulizikimbia kwa wastani wa 5:25, zile za pili kwa 5:33, halafu kati ya 10 na 15 tayari ulikuwa umeshuka hadi 6:02, ila hukuliona hilo kwa sababu jumla ya muda ilikuwa bado inapendeza. Mwisho ukaburuza miguu kwa 6:26. Na kilomita ya 10 uliipita dakika moja na nusu tu nyuma ya muda wako bora kabisa wa kilomita 10. Kwa lugha nyingine, ulikwenda ukakimbia shindano zuri la kilomita 10, ukalimaliza, halafu ukaambiwa zimebaki 11.

Mwili unakula vitu viwili unapokimbia: wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, na mafuta. Mafuta ni mengi hata kwa mtu mwembamba, lakini yanaungua polepole. Wanga unaungua haraka, ila ghala lake ni dogo. Kwa mtu anayekimbia kwa nguvu linatosha kama saa moja na nusu, au zaidi kidogo kwa aliyejizoeza. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo unavyochota zaidi kwenye wanga. Tena upo mpaka fulani wa kasi, kila mtu na wake, ukiuvuka pumzi zinabadilika, unaacha kuongea, na miguu inaanza kujaa mapema. Kwa mtu wa kiwango chako mpaka huo upo karibu sana na 5:30. Sekunde 15 unazozidisha kwa kila kilomita mwanzoni zinaonekana ndogo, lakini zilikuweka upande usiofaa wa mpaka kwa nusu saa nzima, tena asubuhi yenye joto la Dar. Deni hilo lilikusubiri mbele.

Wala usidhani ni ugonjwa wa wanaoanza. Juma Ikangaa wetu, mtu aliyeshinda marathoni ya New York, kilomita 42 nzima, mwaka 1989 kwa 2:08:01, alishika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alipoteza kwa sekunde moja tu kwa Ibrahim Hussein wa Kenya, na hilo halina dawa. Lakini ya 1990 alitoka kama mshale, akapita nusu ya njia kwa takriban dakika 62, na kwenye vilima vya Newton Muitaliano Gelindo Bordin, bingwa wa Olimpiki, akamfuata na kumpita. Linganisha na Alphonce Simbu kule Tokyo, Septemba 2025. Alijificha kwenye kundi, akavumilia joto na unyevu, akasubiri mpaka ndani ya uwanja, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde, wote wawili wakiandikiwa 2:09:48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha ikaja kwa mtu aliyejua kungoja. Najua kuna atakayenitajia Filbert Bayi, aliyeongoza toka bunduki ilipolia Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia. Sawa, lakini zile zilikuwa mita 1,500, dakika tatu na nusu. Na yeye alikuwa Bayi.

Sasa habari njema, na hii ndiyo inayonifanya nikuandikie kirefu. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria muda wa mbio ndefu kutokana na mbio fupi, iliyotungwa na mhandisi wa Marekani Peter Riegel. Kwa kanuni hiyo, mtu anayetaka kilomita 21 kwa saa mbili anatakiwa awe na uwezo wa kilomita 10 kwa dakika 54 na sekunde 20 hivi. Wewe una 53:20. Kanuni inasema unastahili kama 1:57:40. Wakimbiaji wenye kilomita chache za mazoezi kwa kawaida hawaufikii utabiri huo, na sababu ndiyo hiyohiyo: kanuni inamchukulia mtu kana kwamba amejizoeza kwa ajili ya umbali anaoulizia. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Usiongeze mazoezi ya kasi. Kasi unayo, tena ya akiba. Unachokosa ni kilomita, na kilomita huwezi kuziongeza kwa sababu kila unapotoka unarudi hoi.

Hapo kwenye kurudi hoi ndipo penye ugomvi wangu na nyinyi watu wa klabu za Dar. Nazipenda klabu za jogging, zimetoa watu wengi kwenye viti vya baa. Lakini Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri mnaanza kwa utani pale Coco, mkifika Daraja la Tanzanite kila mmoja ameshapandisha mori, anamkazia mwenzake, na jioni mnarushiana picha za Strava, ile programu ya simu inayorekodi mbio. Hiyo ni mbio ya mashindano isiyo na medali. Ukiifanya mara nne kwa wiki, kila siku ni ngumu kiasi cha kukuchosha na si ngumu kiasi cha kukujenga. Umeniambia hujachoka siku moja moja, umechoka siku zote.

Unakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi? Asubuhi, mmoja anaanzisha wimbo, wote mnaitikia, na mnakimbia. Hakuna aliyekuwa anatweta kwa sababu anayetweta haimbi. Ile ndiyo kasi ninayotaka ukimbie siku nyingi za wiki. Usitafute mashine ya kupima. Kama huwezi kuitikia wimbo, au kumsimulia mwenzio habari za ofisini kwa sentensi nzima nzima, umezidisha. Kwako wewe itaangukia kati ya 6:45 na 7:15 kwa kilomita, na wakati wa joto hata 7:30. Utaona aibu. Watu wa klabu watakupita na kukuuliza kama unaumwa. Waambie kocha kakataza. Ukienda Iten kule Kenya, utakuta watu wanaokimbia marathoni kwa dakika tatu kwa kilomita wakianza mazoezi yao mepesi taratibu mno kiasi kwamba mgeni anadhani anaweza kuwafuata. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao hawaoni aibu.

Kwa nini polepole kunajenga? Kwa sababu moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unazoea kuunguza mafuta na kuutunza wanga. Mambo hayo yanataka muda mrefu barabarani, na muda mrefu unaupata tu kama huumii wala hujachoka kupita kiasi. Mifupa na kano nazo zinakomaa taratibu kuliko mapafu. Wengi wanaoumia goti au muundi ni watu ambao pumzi zao zimetangulia miguu.

Sasa ni masika. Tumia mwezi huu na ujao kufanya kazi moja tu, kuongeza kilomita kutoka 30 mpaka 42 au 45 kwa wiki, kidogo kidogo, na kila wiki ya nne punguza ili mwili upumue. Ongeza siku ya tano ikiwezekana, hata kama ni dakika 35 tu. Jumapili iwe ya mbio ndefu. Umesema kilomita 30 kwa siku nne. Nikipiga hesabu, siku yako ndefu haizidi 10 au 12, na unashangaa kwa nini kilomita ya 15 ni nchi ya kigeni. Panda kutoka 12 hadi 14, 16, 18, na mara mbili tatu ufike 20, yote kwa kasi ya mchakamchaka. Usihofu kwamba unakimbia taratibu mno. Saa mbili na robo ukiwa juu ya miguu yako ni somo ambalo hakuna zoezi la kasi linaloweza kulifundisha.

Ukishazoea hizo kilomita, ndipo tunaweka siku moja ngumu kwa wiki. Moja, nimesema. Jumatano, baada ya dakika 15 za kupasha mwili, kimbia dakika 10 mara tatu kwa kasi ya ule mpaka niliousema, 5:30 mpaka 5:35, ukipumzika dakika mbili za kukimbia polepole katikati. Unapaswa kumaliza ukihisi ungeweza kuongeza cha nne. Ukimaliza ukiwa umelala kwenye nyasi umekimbia zoezi la mtu mwingine. Baada ya wiki kadhaa ziwe dakika 20 mara mbili. Katika wiki sita za mwisho, kila baada ya Jumapili moja, weka kasi ya shindano ndani ya mbio ndefu: kilomita 16, ambapo katikati yake unakimbia 4 kwa 5:40, moja ya kupoza, 4 tena kwa 5:40. Hapo ndipo miguu inajifunza 5:40 ilivyo, ikiwa imechoka, bila kuangalia saa. Kama uko karibu na Mlimani, vile vilima vya Chuo Kikuu vipande kwa utulivu mara moja kwa wiki wakati wa mbio zako nyepesi. Vinaimarisha mapaja na vigimbi kuliko mashine nyingi za gym. Nyumbani, unapopiga mswaki, simamia vidole vya mguu mmoja mara 15, kisha wa pili. Siongezi mengine, nawe una watoto na hesabu za mwisho wa mwezi.

Na uangalie usalama. Barabara ya Bagamoyo saa 10 alfajiri ina bodaboda zisizo na taa. Vaa kitu kinachong'aa, kimbia ukitazamana na magari, na masikio acha wazi.

Nikuambie sasa jambo ambalo hutalipenda. Acha kuwinda muda wako bora Moshi.

Naipenda Kilimanjaro Marathon. Ilianza mwaka 2003 na sijui mbio nyingine hapa nchini zenye shangwe kama ile ya watu wa Moshi waliosimama barabarani na watoto wao. Lakini ile ya kilomita 21 inatoka uwanja wa Ushirika, inapanda kuelekea Mweka kwa karibu nusu yote ya njia, halafu inageuka na kushuka. Watu husema mlima utakaokuchelewesha ndio utakaokurudishia. Si kweli. Mlima unachukua zaidi ya mteremko unavyorudisha, kwa sababu unaposhuka unatumia nguvu kujizuia, na misuli ya mapaja inapigwa kila hatua inayotua. Isitoshe, Moshi mjini tayari upo zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na Mweka ni juu zaidi. Si Eldoret, lakini mtu wa Mbezi Beach aliyewasili Ijumaa kwa basi anaisikia kifuani. Na mwisho wa Februari kule ni joto, jua likishapanda. Hiyo 2:06:40 yako ya Moshi mimi naihesabu kuwa bora kuliko 2:04:12 ya Dar. Niliwahi kufanya kosa lako mwenyewe, enzi zangu. Nilipanda Mweka nikimfukuza kijana mmoja wa Kibosho aliyekuwa anaongea na jamaa zake njiani, nikafika juu nikiwa wa kwanza kati yetu wawili. Aliponipita kwenye mteremko alinipa pole.

Muda bora unatafutwa mahali tambarare, asubuhi ya ubaridi, kwenye njia iliyopimwa kihalali. Kwa mtu wa Pwani, ubaridi ni Julai na Agosti. Ile Dar uliyokimbia mwishoni mwa mwaka ilikuwa na joto na unyevu, na unyevu ndio adui mkubwa: jasho linapoza mwili pale tu linapokauka, na hewa ikishajaa maji halikauki, linadondoka tu chini. Moyo unalazimika kugawa damu kati ya misuli na ngozi, na misuli inapunjwa. Kasi ileile inakugharimu zaidi. Chagua mbio moja ya hapa Dar mwezi wa Julai au Agosti, inayoanza mapema, saa 12 asubuhi au kabla, na kuanzia sasa unazo wiki za kutosha. Moshi mwakani nenda kama kawaida, ila nenda kufurahi.

Kuhusu njia iliyopimwa, usilipuuze. Nimewahi kushiriki mbio, sitaitaja, ambazo watu thelathini walivunja rekodi zao binafsi siku moja, na jioni tukagundua kilomita kama 0.8 hazikuwepo. Njia halali hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio maalumu kwenye gurudumu, ikifuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupitia kwenye kona, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Wewe hupiti mstari huo. Unazunguka kona kwa nje, unakwepa watu, unakwenda upande wa pili kuchukua maji. Ndiyo maana saa yako ya mkononi mwisho wa mbio husoma 21.3 au 21.35 na unaanza kuwalaumu waandaaji. Matokeo yake ni haya: ikiwa saa itasoma 21.35 mwishoni, 5:41 inayoonyeshwa na saa haikufikishi chini ya saa mbili. Itabidi ionyeshe 5:37. Wengi wamekosa saa mbili kwa sekunde 40 wakiapa kwamba saa iliwaambia wapo salama. Fuata vibao vya kilomita na muda uliopita tangu uvuke mstari wa kuanzia. Na muda wako ni ule wa chipu, kile kifaa kidogo unachokivaa, unaoanza ulipokanyaga mkeka wa mstari wa kuanzia, siyo wa bunduki; kwa hiyo usiwapige watu viwiko mwanzoni.

Siku yenyewe, andika namba hizi nne kwenye kiganja kwa kalamu: 28:35, 56:55, 1:25:10, 1:53:20. Ni za kilomita ya 5, 10, 15 na 20. Ukizifuata, kilomita ya mwisho na kidogo ikiwa 5:40 unafika kwa 1:59:33. Umeiona ya tatu? Inakutaka kilomita ya 15 uwe sekunde 10 nyuma ya ulivyokuwa mwaka jana. Tano za kwanza ni 5:43, na zitakuudhi. Watu wengi watakupita, wengine wana matumbo makubwa kukuzidi. Waache. Hata Mkenya Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni, 2:00:35, Chicago mwaka 2023 alikimbia nusu ya kwanza kwa 60:48 na ya pili kwa 59:47. Kuanzia kilomita ya 12 anza kuchagua mgongo wa mtu aliye mbele, mfikie bila haraka, chagua mwingine. Kilomita ya 17 itauma. Itauma hata ukifanya kila kitu sawasawa, ila tofauti ni kwamba utakuwa bado na miguu. Asubuhi hiyo ikiamka na joto la ajabu, fanya 5:50 na uhifadhi mwili. Mbio zipo nyingi.

Chakula siyo jambo la kusumbua kichwa. Siku mbili kabla, wali, viazi, chapati na ndizi viwe vingi kwenye sahani kuliko kawaida, na maharage pamoja na kachumbari yapungue ili tumbo litulie. Asubuhi, saa mbili kabla ya kuanza, uji mwepesi au mkate na ndizi mbivu, chai kama umeizoea. Njiani, dakika ya 45 na tena ya 80, kula tende tatu nne zilizotolewa kokwa au jeli kama unazipata, na maji kidogo juu yake. Vyote hivyo vijaribu kwenye mbio ndefu za Jumapili kwanza. Maji kunywa kwa kiu, usinywe kila meza kwa hofu. Mtu anayekimbia zaidi ya saa mbili akibugia maji matupu anaweza kuishusha chumvi ya damu hadi hatari, na hilo limewahi kuua watu kwenye marathoni.

Sasa viatu. Vile vyenye bamba la kaboni na povu laini vinasaidia, sitakudanganya, na hata kwa kasi yako pengine utaambulia kitu. Lakini bei yake ni mamilioni ya sekunde za mshahara wako, na vinamfaa zaidi mtu ambaye vidogo vingine vyote ameshavimaliza. Wewe una dakika nne na nusu zilizolala barabarani kati ya kilomita ya 15 na mwisho. Nunua raba moja nzuri ya kawaida inayokutosha, acha nafasi ya unene wa kidole mbele, kwa sababu miguu huvimba. Za mitumba za Karume sizikatazi, nimezivaa miaka mingi, ila bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama mbao, povu limekufa hata kama kitambaa kinang'aa.

Umri? Mkenya Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 37 alipokimbia marathoni nzima kwa 2:01:09 Berlin mwaka 2022. Ninyi mlioanza ukubwani mna faida zaidi, kwa sababu miguu yenu haijachakaa. Mtu huendelea kuboresha muda kwa miaka kadhaa tangu alipoanza, awe ameanza na 20 au 35.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya umri ni lile neno lako, hoi. Yawezekana ni kasi tu ya mazoezi, na ndivyo ninavyodhani. Lakini wewe ni mwanamke unayepata hedhi, unakimbia, unaishi penye malaria. Upungufu wa damu unafanana sana na uvivu. Kabla hujaanza haya, nenda kapime hemoglobini, na kama maabara inaweza, akiba ya madini ya chuma pia. Ikiwa ipo chini, hakuna mpango wangu utakaokusaidia mpaka daktari aitibu. Vidonge vya chuma usivinunue kwa kukisia. Ikiwa ipo sawa, endelea kula dagaa, maini na matembele, na chai ya rangi isogeze mbali kidogo na mlo, kwa sababu inazuia chuma kunyonywa.

Majibu ya damu yakitoka, niandikie. Na Jumamosi hii, mkianza pale Coco, kaa nyuma kabisa ya klabu. Wakikuacha hadi darajani, geuza ukiwa bado unaweza kuimba, ukawapikie watoto chapati.